Mawimbi ya Redio Yaipeleleza Saratani ya Titi

Ripoti ya hali ya afya ya matiti iliyotolewa nchini mwaka 2017 ilieleza kwamba wagonjwa wapatao 80 katika kila 100 wa saratani ya titi hugunduliwa wakati ugonjwa umekwisha kufika hatua ya tatu au ya nne. Hesabu hiyo yatosha kumnyima usingizi kila mwananchi. Saratani hii huanza pasipo maumivu. Mama aweza kuchuma kahawa au kukata maua katika mashamba ya Usa River msimu mzima, hali uvimbe mdogo kama punje ya mahindi umekwisha kufanya makao kifuani mwake. Kwa hiyo habari ya njia yoyote mpya ya kuutambua mapema yatuhusu sisi wa Makumira na vijiji vyote vya Meru.

Njia inayosemwa sana na wataalamu ni ya mawimbi ya maikrowevu, yaani jamii ile ile ya mawimbi yatumikayo katika simu za mkononi na rada za viwanja vya ndege. Shina la elimu hii ni maji. Nyama ya saratani ina maji mengi, na mafuta ya titi yana maji machache. Basi mawimbi hupita katika mafuta kwa wepesi, lakini yakikuta uvimbe hutawanyika na mengine hurudi. Fundi wa karakana hugonga pipa ili ajue mafuta yamefika wapi. Mtambo huu nao hugonga kwa mawimbi, antena zilizolizunguka titi hupokea majibu, na kompyuta huyakusanya ikachora picha. Mama hulala kifudifudi tu, wala titi lake halibanwi kati ya vibao viwili kama ilivyo katika eksirei. Tena, mawimbi hayo hayana mionzi ya eksirei.

Wataalamu wa Chuo cha Dartmouth, Marekani, walitangaza mwaka 2000 majaribio yao kwa wanawake watano, wakitumia mtambo wa antena 16. Baadaye Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, kikaunda mtambo uitwao MARIA, ambao toleo lake moja lina antena 60.

Lakini ndugu wasomaji, tusipige vigelegele kabla ya mavuno. Mwaka 2007 wataalamu wa Wisconsin na Calgary walipima vipande vya nyama vilivyotolewa katika upasuaji. Waliona kwamba saratani hutofautiana na mafuta kwa kiasi cha mara 10, bali ikilinganishwa na nyama ya tezi, tofauti yaweza kuwa asilimia 10 tu. Nao wanawake vijana ndio wenye tezi nyingi, na hapa Afrika wagonjwa wengi hawajafika miaka 50! Wale ambao eksirei hushindwa kuwaona vizuri, ndio hao hao wanaoyatatiza mawimbi. Hadi leo mtambo huu haujachukua nafasi ya eksirei wala ya altrasaundi.

Tena, hata ukiletwa kesho Makumira, picha peke yake si jibu. Hapana budi sindano ichukue kipande cha nyama, na mtaalamu akitazame kwa hadubini. Shirika la Afya Duniani liliweka shabaha kwamba mama apate jibu katika siku 60 tangu afike kituoni mara ya kwanza. Siku 60! Tumhesabie mama wa Makumira: zahanati, barua ya rufaa, nauli ya Arusha au ya Moshi, kungoja majibu, na nauli ya kurudi kuyachukua. Kweli, tangu mwisho wa mwaka 2016 hospitali ya KCMC ina kituo cha saratani, na wengi wamepunguziwa ile safari ndefu ya Ocean Road, Dar es Salaam. Lakini kibarua anayelipwa kwa siku huihesabu kila siku ya safari kuwa ni siku ya njaa.

Hapa waajiri nao wana wajibu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimwekea mfanyakazi aliyetimiza miezi sita kazini, mwenye cheti cha daktari, likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili. Viongozi wa wafanyakazi mashambani yawapasa kuisoma sheria hiyo kwa sauti, mbele ya akina mama.

Na vijana wetu wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, majirani wa Makumira, wasingoje mtambo ufike ndani ya sanduku. Tatizo la tezi bado halijatatuliwa na mtu yeyote, nalo ni la wanawake wetu kuliko la wengine.

Wakati huo huo, uvimbe usioondoka baada ya hedhi, ngozi iliyokunjamana kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani, au damu itokayo katika chuchu, ni mambo ya kupelekwa zahanati wiki hii hii.