Je, Wajua? Kioo cha Jicho Hakina Damu

Konea, kile kioo cha mbele ya jicho, haina hata mshipa mmoja wa damu. Ndiyo maana mwanga hupenya bila kizuizi. Oksijeni huipata hewani, kupitia machozi.

Trakoma huvuruga utaratibu huo. Isiolo ni miongoni mwa kaunti za wafugaji nchini Kenya ambako ugonjwa huu umewatesa watu kwa muda mrefu, na katika maboma ya Garbatulla mifugo, vumbi na nzi havitengani. Nzi hutua penye tongotongo za mtoto mmoja, kisha kwenye kope za mwenzake, na bakteria huhama naye. Maambukizi yakirudi tena na tena, mishipa mipya huota kutoka ukingo wa juu wa konea na kushuka kama pazia jekundu. Kope nazo hugeukia ndani, zikakwaruza kioo kila jicho linapopepesa. Uchungu wake si mdogo, na mwisho wake ni upofu.

Mwaka 2006, watafiti walieleza katika jarida la Nature kwamba konea huwa na protini inayonasa VEGF, kichocheo cha kuotesha mishipa. Ajabu ni nguva wa Florida: hana protini hiyo, na konea yake ina mishipa. Tembo, jamaa yake wa nchi kavu, anayo, na kioo chake ni safi.

Dozi moja ya azithromaisini huua bakteria wa trakoma. Kunawa uso huwanyima nzi cha kufuata, lakini mahali penye ukame, maji hayo huchotwa mbali.