Usiulize ni mbali kiasi gani, uliza ni juu kiasi gani

Binamu yangu alitoka Plymouth kukinyesha mvua ya kawaida tu. Dakika 40 baadaye gari lilikuwa limekwama kwenye theluji. Kama unafunga mizigo kwenda Uingereza, soma hii kwanza.

Ilikuwa saa nne unusu asubuhi hapa Nairobi, niko kwa kibanda nasubiri chai na mandazi, simu ikalia. Ujumbe wa sauti kutoka kwa binamu yangu aliye Plymouth, kusini-magharibi mwa Uingereza. Sekunde 11 pekee. Upepo unavuma kama mtu anapuliza maiki, halafu sauti yake: “Nimekwama. Huku ni kweupe pe. Sioni barabara wala ukingo wake. Mwambie mama niko sawa, lakini usimwambie niko wapi.”

Kisha kimya.

Nikafungua apu ya hali ya hewa, nikaandika Plymouth. Digrii 4, mvua. Mvua! Nikajiambia huyu msichana ama amechanganyikiwa ama ananichezea. Nikampigia, simu haiingii. Nikapiga tena na tena, chai ikapoa.

Ngoja nikueleze mbona nilikuwa na wasiwasi kuliko kawaida. Binamu yangu amezaliwa na kulelewa Likoni. Baridi yake ya maisha yote ilikuwa ile ya Julai, usiku, kwenye feri. Alipopata kazi ya kuhudumia wazee majumbani, kabla Uingereza haijafunga mlango wa visa mpya za walezi kutoka ng'ambo Julai 2025, mimi ndiye nilijifanya mtaalamu wa familia. Niliangalia mtandaoni, nikaona Plymouth ni mji wa pwani, Januari mchana hufika digrii 8 au 9, theluji si kitu cha kila siku. Nikamwambia: “Wewe unaenda Mombasa ya Uingereza. Usimalize pesa kwa majaketi.” Siku tuliyozunguka Gikomba aliacha jaketi moja zito, la kufika magotini, kwa sababu ya maneno yangu.

Kuhusu Plymouth sikudanganya. Kosa langu ni kwamba sikuuliza kazi yenyewe iko wapi.

Kilomita 24, majira mawili

Kampuni iliyomwajiri ilimpa wazee sita. Watano wanaishi mjini, karibu na bahari. Wa sita ni shosho mmoja anayeishi Princetown, na kila asubuhi lazima mtu afike amwamshe, amwandalie kiamsha kinywa na kuhakikisha amemeza dawa.

Kwa ramani, Princetown ni hapo tu. Unatoka Plymouth kuelekea kaskazini kwa barabara ya A386, unafika Yelverton, unaingia B3212 na kuanza kupanda. Jumla ni kama kilomita 24, karibu sawa na kutoka katikati ya Nairobi hadi Kikuyu na kidogo zaidi. Lakini kijiji hicho kiko zaidi ya mita 400 juu ya usawa wa bahari, katikati ya uwanda wa juu unaoitwa Dartmoor.

Kama umewahi kupanda Aberdare, ukapita msitu, ukapita mianzi, ukatokea kule juu ambako kumebaki nyasi ngumu, upepo na ukungu, basi picha unayo. Dartmoor iko hivyo. Miti ni michache, udongo ni mweusi na umelowa maji kama sifongo, na vilele vyake vimevikwa mawe makubwa ya itale. Farasi wadogo na kondoo wanazurura hadi barabarani, winta na kiangazi.

Sasa hapa ndipo Mkenya anacheka. Kilele cha juu kabisa cha Dartmoor, High Willhays, kina mita 621. Mita 621 tu! Voi, ambako watu hulala na feni, inakaribia kimo hicho. Nairobi yenyewe iko kama mita 1,700. Kwa hivyo kilima hicho kinawezaje kumkwamisha mtu?

Digrii tatu zinazobadilisha kila kitu

Jibu lilikuwa kwa daftari langu la Jiografia, ukurasa ambao sikuwahi kuupa heshima. Hewa ikipanda hutanuka, na ikitanuka hupoa. Kwa wastani joto hupungua kama digrii 0.65 kwa kila mita 100 unazopanda. Kutoka ufuo wa Plymouth hadi Princetown unapoteza kati ya digrii mbili unusu na tatu.

Sisi hilo tunalijua mwilini. Toka katikati ya Nairobi na fulana yako, ushukie Limuru iliyo takriban mita 2,200, utajikunja kama kuku aliyenyeshewa. Lakini angalia: umetoka digrii 22 ukaenda 19. Unavaa sweta, maisha yanaendelea. Mvua iliyo Nairobi bado ni mvua ikiwa Limuru.

Plymouth asubuhi ya Januari inaweza kuwa na digrii 3 au 4. Toa tatu hapo. Umefika kwenye sifuri au karibu nayo, na sifuri ndiyo maji hubadilisha tabia. Mawingu ni yale yale na saa ni ile ile, lakini kinachoanguka kama mvua bandarini kinaanguka kama theluji Princetown. Maji yaliyokuwa yakitiririka kando ya lami yanageuka barafu ambayo huioni hadi tairi liiguse.

Ndiyo maana digrii tatu za Limuru ni gumzo la matatu tu, na digrii tatu za Dartmoor zinaweza kukutoa barabarani.

Bahari ni blanketi

Kuna sababu nyingine inayofanya tofauti iwe kubwa. Pwani ya kusini-magharibi mwa Uingereza inalindwa na bahari. Maji ya Atlantiki yanayofika pale yametoka pande za joto, na hata Februari maji karibu na Plymouth hubaki digrii 9 au 10. Upepo ukipita juu ya maji hayo unafika nchi kavu ukiwa umepata joto kidogo. Winta nyingine hupita bila theluji kulala chini mjini.

Ukienda Torquay, mji mwingine wa pwani wa Devon, utakuta barabara ya ufuoni imepandwa miti inayofanana na mitende. Binamu alinitumia picha wiki ya kwanza akiwa amesimama chini ya mmoja. Shangazi alipoiona alishukuru Mungu: “Kumbe ni kama kwetu!” Miti yenyewe asili yake ni New Zealand na si mitende halisi, lakini inaishi hapo kwa sababu jalidi kali ni nadra. Picha ile moja ilitudanganya sote.

Kule juu blanketi hilo halifiki vizuri. Hewa ile ile yenye unyevu wa bahari ikigonga mlima inasukumwa juu, inapoa, inakuwa wingu, inamwaga. Plymouth hupata karibu milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Princetown hupata karibu mara mbili ya hizo. Exeter, iliyo upande wa pili wa Dartmoor, hupata kama milimita 800, kwa sababu wingu likifika huko limeshamwaga mzigo wake mlimani.

Na kile watu wa Princetown wanachoita ukungu, mara nyingi ni wingu lenyewe limekaa juu ya kijiji. Ukiwa Plymouth unaliona tu kama dari la kijivu juu ya vilima. Ukipanda unaingia ndani yake. Ongeza upepo usio na mti wa kuuzuia, na hata digrii 2 zinakuingia mifupani kama chini ya sifuri.

Ongeza pia giza. Mwanzoni mwa Januari jua huko huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Anayefanya zamu ya asubuhi hupanda mlima gizani, na wa jioni hushuka gizani.

Si kila siku juu ni pabaya

Tusidanganyane kwa upande mwingine pia. Kuna asubuhi tulivu, bila upepo wala mawingu, ambapo baridi yenyewe huteremka usiku kama maji na kutuama mabondeni. Hapo chini kunakuwa na jalidi na ukungu mzito, na aliye juu anakunywa chai kwenye jua akiangalia bahari ya mawingu chini yake. Na mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Machi 2018, upepo mkali wa kutoka mashariki ulileta theluji hadi kwenye fuo za Devon. Mlima na pwani hazifuati sheria moja kila siku, ndiyo maana huwezi kukisia ya huku kwa kuangalia ya kule.

Barabara yenye historia

Binamu si wa kwanza kunaswa. Februari 1853 askari watatu waliokuwa wakipanda kwenda Princetown walifia kwenye theluji, wakiwa wamekaribia kabisa kufika. Kijiji kilikuwa na kambi na gereza, lile lililofunguliwa 1809 kuwafungia Wafaransa waliotekwa vitani.

Ukisema hayo ni ya kale, basi rudi Januari 31, 2019. Kwenye uwanda mwingine kama huo, Bodmin Moor katika jimbo jirani la Cornwall, theluji ilifunga barabara kuu ya A30. Watu karibu 100 waliacha magari na kulala katika nyumba ya wageni ya Jamaica Inn. Wengi walikuwa wakipita tu, kutoka mji mmoja hadi mwingine.

Kilichompata

Simu yake ilirudi hewani baada ya saa moja na dakika 20. Nimeihesabu.

Alipotoka Plymouth ilikuwa mvua. Yelverton ikawa mvua iliyochanganyika na vipande vyeupe. Alipopita pale nyumba zinapoisha na kondoo kuanza, theluji ilikuwa imefunika mistari ya barabara. Alijua angepaswa kugeuza. Lakini alikuwa na wiki tatu kazini, visa yake imefungwa kwa mwajiri huyo, na alimfikiria shosho amekaa kitandani anamngoja. Akaendelea. Kwenye mteremko mmoja gari likateleza polepole, akasema ni kama mtu analivuta kwa kamba, likaingia mtaroni.

Alikuwa na sweta, jaketi jepesi la mvua na raba. Hakuwa na blanketi, chakula wala koleo. Simu ilikuwa na chaji ya asilimia 14, na mahali alipokwama mtandao ulikuwa unakuja na kupotea.

Mkulima mmoja aliyekuwa akipelekea mifugo nyasi ndiye alimwona. Alimvuta kwa trekta hadi kijijini, akamuuliza swali moja tu: “Uliangalia hali ya hewa ya wapi?”

Shosho alikuwa ameamka, amejifunika blanketi mbili, hajala, hajameza dawa. Alimkalisha binamu karibu na moto kwanza. Kampuni, kwa upande wake, haikumlipa muda ule aliokaa mtaroni.

Kabla hujafunga begi

Nimemuuliza angependa kumwambia nini mtu anayeenda huko, awe muuguzi, mwanafunzi au yeyote. Haya ndiyo yake:

Uliza kazi iko kijiji gani, kisha utafute kimo chake. Jina la mji mkubwa kwenye barua ya ajira halikwambii kitu.

Kwenye apu weka sehemu mbili, unakolala na unakoenda. Shirika la hali ya hewa la Uingereza, Met Office, ambalo makao yake yako Exeter, hutoa maonyo kwa rangi: manjano, kaharabu, nyekundu. Soma eneo na kimo vilivyotajwa kwenye onyo, si rangi pekee.

Ikiwa Plymouth ni digrii 4 na inanyesha, hesabu kwamba juu kuna theluji hadi uthibitishe vingine.

Ndani ya gari weka blanketi, koleo, tochi, maji, kitu cha kutafuna na chaja. Buti zisizoingiza maji zije kabla ya viatu vya kupiga picha.

Na mpigie bosi kabla hujaondoka, si baada ya kukwama. Binamu alipata ujasiri huo Februari. Alisema waziwazi kwamba barabara haipitiki, na jirani wa shosho akaombwa kuingia asubuhi hiyo. Shosho alipata chai yake na dawa zake kwa wakati.

Bado anapanda Princetown mara tatu kwa wiki. Anasema siku zikiwa njema kule juu ni kuzuri kuliko mahali popote alipowahi kuona, na kwamba amejifunza kusoma lile dari la kijivu kutoka dirishani kwake kabla ya kuvaa viatu.

Nami nilirudi Gikomba. Lile jaketi la kufika magotini lilikuwa limeshauzwa, bila shaka. Nikapata lingine, zito zaidi, nikalituma na mtu.

Shangazi, kama umesoma hadi hapa: yuko sawa. Sasa unajua alikuwa wapi. Na aliyemwambia aache jaketi ni mimi.