Tamthilia Iliyo Kubwa Hasa

Mwezi wa Ramadhani uingiapo, jambo moja hutukia baada ya futari katika nyumba nyingi za Waislamu. Vyombo havijaondoshwa, na vijana wamekwisha kukaa mbele ya televisheni wakingojea tamthilia ya usiku ule. Mzee huguna, akatwaa tasbihi yake akaenda zake msikitini. Arudipo baada ya tarawehe huwakuta pale pale. Yeye husema kuwa yote yale ni upuzi, nao husema kuwa babu hajui kitu. Sisi twaona kuwa pande zote mbili zimekosea mahali pamoja: hapana aliyeuliza kama tamthilia yenyewe ni njema au ni mbovu. Nayo ikaribishwapo nyumbani usiku thelathini mfululizo ni mgeni mkubwa, na mgeni huulizwa atokako.

Wengi hudhani ukubwa wa tamthilia ni wingi wa farasi na mapanga. Tamthilia ya Kituruki ya Ertuğrul, iliyoonyeshwa huko Uturuki tangu mwaka 2014 hata 2019, ilipendwa mno katika nchi za Kiislamu, na mwaka 2020 Pakistan iliitia Kiurdu ikaionyesha katika Ramadhani. Hatukatai kuwa yapendeza kuona mashujaa wanaosimama kwa swala kabla ya kupanda farasi. Lakini yaliyohifadhiwa na historia juu ya Ertuğrul mwenyewe ni machache sana, na misimu mitano ilihitaji kujazwa. Basi adui akifa huzuka mwingine, shujaa hutekwa akaokoka, kisha akatekwa tena. Mtazamaji hupata furaha ya usiku mmoja, wala hapungukiwi na kitu akikosa vipande vitatu. (Na ajaribu asiyeamini.)

Kwetu sisi, kipimo ni kumbukumbu. Tamthilia iliyo kubwa hasa hukumbuka. Neno lililosemwa usiku wa pili hurudi kudai haki yake usiku wa ishirini na tano. Sinema ya saa mbili haina nafasi hiyo. Tamthilia ya mfululizo inayo, na iitupapo nafasi hiyo imetupa kitu pekee ilichowazidi wengine.

Na tutoe mfano. Mwaka 2004 ilionyeshwa tamthilia ya Kiarabu iitwayo al-Taghriba al-Filastiniyya, iliyoandikwa na Walid Saif, Mpalestina aliyezaliwa Tulkarm, na kuongozwa na Hatem Ali wa Syria. Ni habari za jamaa moja ya wakulima maskini wa Palestina, tangu siku za utawala wa Kiingereza na maasi ya mwaka 1936, kupita msiba wa mwaka 1948 walipofukuzwa katika ardhi yao, hata kambini, na hata vita vya mwaka 1967. Huanza na kifo cha kaka mkubwa, mtu ambaye jina lake halimo katika kitabu chochote cha tarikh, na mdogo wake Ali ndiye anayesimulia.

Huyu Ali alisoma. Lakini baba yao hakuweza kuwasomesha wote, na nduguye Hasan aliachishwa shule akashika jembe ili Ali aendelee. Jambo hili lapita kama mambo ya kawaida yapitavyo katika nyumba za maskini. Kisha yaja mwaka 1948, Hasan achukua silaha aende vitani, wala harudi. Tangu hapo kila daraja ya elimu anayopanda Ali, mtazamaji humwona Hasan nyuma yake. Hapana farasi hapa wala majumba. Pana deni. Wala mwandishi hakuwafanya wanyonge kuwa malaika: kabla ya adui wa nje kuingia, twawaona wanakijiji wenyewe wakidhulumiana, mwenye mashamba akimdharau asiye nacho.

Mabwana hao wawili ndio walioitoa, katika Ramadhani ya mwaka 2012, tamthilia ya Sayyidna Umar (R.A.). Hiyo ilizusha mzozo. Al-Azhar walikataa masahaba wakubwa kuigizwa. Watengenezaji nao walikuwa na jopo la wanavyuoni, akiwamo Sheikh Yusuf al-Qaradawi. Mtume wetu (S.A.W.) hakuonyeshwa kabisa wala sauti yake haikusikiwa. Mwenye kuifuata rai ya Al-Azhar asilaumiwe kwa kuizima, maana ana hoja. Sisi twataka kumtaja mtu mmoja tu humo, Wahshi, yule mtumwa wa Kihabeshi aliyeahidiwa uungwana akimwua Sayyidna Hamza (R.A.) katika vita vya Uhud. Wasimuliaji wengi humtaja kwa ule mkuki, kisha wakamwacha. Tamthilia haikumwacha. Ilimwonyesha kabla ya Uhud, jinsi utumwa ulivyomla moyo, ikamfuata katika uungwana alioununua kwa damu ile, hata aliposilimu, na hata siku ya Yamama alipomrushia Musaylima, mtume wa uongo, mkuki ule ule. Safari ndefu namna hii haionyesheki kwa usiku mmoja.

Hatem Ali alifariki Cairo mwishoni mwa mwaka 2020, na kazi zake zingali zaonyeshwa. Siku hizi tamthilia za kigeni, nyingi zikiwa za Kituruki, huletwa kwetu zikiwa zimetiwa sauti za Kiswahili, basi hata asiyejua lugha nyingine anaweza kuzipima. Mwulizeni kijana wenu baada ya majuma mawili: ni jambo gani la usiku wa kwanza ambalo lingali laumiza? Akikosa jibu, kosa huenda si lake.

Na yule mzee wa tasbihi, lau angeketi usiku mmoja tu na wajukuu zake mbele ya habari za wakulima wale, twadhani kesho yake angeuliza, huku akijifanya hajali: yule kijana aliyeachishwa shule, je, alirudi?