Makumbusho si Jina la Kituo cha Basi Tu

Kila siku magari ya abiria hupita hapa Mapinga yakitoka Bagamoyo. Kondakta huita, "Makumbusho! Makumbusho!" Sisi tunapanda, tunalipa nauli, tunakwenda zetu mjini. Tukifika tunashuka, huyu anashika njia ya sokoni, yule anakwenda kumtazama mgonjwa. Je, ni wangapi kati yetu tumejiuliza kwa nini kituo kile kinaitwa hivyo?

Jina limetoka kwa jirani yake. Kando ya barabara hii hii yetu ya Bagamoyo, karibu na kituo, kipo Kijiji cha Makumbusho. Kilifunguliwa miaka ya 1960. Ndani yake zimejengwa nyumba za asili za makabila mbalimbali ya Tanzania. Ipo tembe ya Wagogo, yenye paa la udongo lililo bapa. Upo msonge wa Wahaya, uliofunikwa nyasi toka juu mpaka chini. Mtu wa pwani aliyezoea makuti akiingia mle hushangaa kidogo. Siku nyingine hupigwa ngoma pia.

Hebu tulitazame neno lenyewe. Kukumbuka, kukumbusha, makumbusho. Ni nyumba ambamo watu huweka vitu ili visipotee, na wengine waje kuvitazama na kujifunza. Vitu hivyo vyaweza kuwa mifupa ya kale, silaha, vyungu, au picha na vinyago. Leo tunataka kusema zaidi juu ya picha na vinyago, yaani kazi za sanaa.

Duniani ziko nyumba kubwa sana za namna hii. Moja iko Paris, nchini Ufaransa, inaitwa Louvre. Zamani ilikuwa jumba la wafalme. Mwaka 1793, wakati wa mapinduzi, ilifunguliwa kwa wananchi wote. Siku hizi watu zaidi ya milioni 8 huingia humo kwa mwaka mmoja. Wengi wao wanakwenda kuona picha moja tu, ya mwanamke anayetabasamu kidogo, jina lake Mona Lisa. Aliyeichora ni Leonardo da Vinci wa Italia, zaidi ya miaka 500 iliyopita. Msidhani ni kubwa. Urefu wake ni sentimita 77, upana sentimita 53, nayo imechorwa juu ya ubao. Mwaka 1911 iliibwa. Mwizi alikuwa fundi aliyewahi kufanya kazi mle mle ndani! Aliificha chumbani kwake miaka miwili, ikapatikana mwaka 1913 alipojaribu kuiuza Italia.

Basi, mtu atasema, "Hayo ni ya Wazungu, sisi yanatuhusu nini?" Yanatuhusu sana, kwa sababu katika nyumba hizo za Ulaya na Marekani vimo vitu vilivyotoka huku kwetu.

Bibi zetu wanamjua mwanahiti. Ni kisanamu kidogo cha mti. Hana mikono, hana miguu. Mwili wake ni kama mchi mfupi, na kichwani ana mashungi mawili. Wazaramo, Wakwere, Wadoe na jirani zao walimtumia katika mambo ya mwali. Msichana akiwekwa ndani alipewa mwanahiti amtunze kama mtoto: amwogeshe, ampake mafuta. Hapo alifundishwa kulea. Mambo mengine ya unyago hatutayaandika hapa, wenyewe kina mama wanayajua.

Sasa, mwanahiti huyo huyo yuko katika kabati la kioo Berlin, yuko London, yuko na New York. Watu wanalipa nauli ya ndege, wanasimama mbele yake, wanasema kazi hii ni nzuri. Ni nzuri kweli. Wachoraji wakubwa wa Ulaya, kama Picasso, walijifunza mengi kwa kutazama vinyago vya Afrika vilivyokuwa Paris mwanzoni mwa miaka ya 1900.

Vilifikaje huko? Vingine vilinunuliwa, vingine vilitolewa zawadi. Lakini vingine vilichukuliwa kwa nguvu. Wajerumani walipotawala nchi hii, Bagamoyo ilikuwa makao yao makuu mpaka mwaka 1891. Mwaka 1889 huko kwao ilikatwa shauri kwamba vitu vilivyokusanywa na misafara ya serikali katika makoloni vipelekwe kwenye makumbusho ya Berlin. Maofisa na askari wakakusanya. Wakati wa vita vya Maji Maji, miaka ya 1905 hadi 1907, silaha na vitu vingine vya watu walioshindwa vilichukuliwa vile vile. Mpaka leo Berlin ina maelfu ya vitu kutoka Tanzania.

Hata kichwa cha mtu kilichukuliwa. Mtwa Mkwawa wa Wahehe alikufa mwaka 1898, na fuvu lake likapelekwa Ujerumani. Lilirudishwa mwaka 1954, nalo limewekwa katika makumbusho ya Kalenga, karibu na Iringa. Wahehe walingoja zaidi ya miaka 50. Wenzetu wa Nigeria nao walinyang'anywa sanamu nyingi za shaba na Waingereza mwaka 1897, katika mji wa Benin. Mwaka 2022 Ujerumani ilikubali kwamba zile zilizokuwa kwake ni mali ya Nigeria, ikaanza kuzirudisha. Kwa upande wetu, mwaka 2024 yalifunguliwa Berlin maonyesho juu ya historia za Tanzania, yaliyotayarishwa pamoja na Makumbusho ya Taifa letu. Mazungumzo ya kurudisha vitu yanaendelea. Sisi tunaona yanakwenda polepole mno.

Lakini je, vile vilivyobaki tunavitunza? Huku pwani hutokea mtu akaja na gari, akauliza kama kuna kiti cha zamani, mlango wa nakshi, au kisanamu cha bibi. Anatoa fedha kidogo, anaondoka nacho. Mwenye nyumba anafurahi, maana ananunua bati. Wajukuu hawatakiona tena. Tena jambo hili lina sheria yake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vya namna hiyo, pamoja na milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Kukipeleka kitu kama hicho nje ya nchi bila kibali ni kosa.

Kwenda kutazama si lazima kupanda ndege. Bagamoyo mjini kuna makumbusho katika misheni ya Wakatoliki, iliyoanza mwaka 1868. Humo ipo minyororo waliyofungwa watumwa. Kaole yapo magofu ya msikiti na makaburi ya kale ya Waislamu. Dar es Salaam, mtaa wa Shaaban Robert, iko Makumbusho ya Taifa. Ilifunguliwa mwaka 1940, na ndani limehifadhiwa fuvu la kale lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Mwananchi hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa nje. Ukiingia usishike vitu, jasho la mkono huviharibu.

Mbele ya kila kitu utakuta kikaratasi chenye maandishi. Kisome, sasa unaweza. Utaona kimeandikwa jina la kabila, mahali na mwaka. Jina la aliyekichonga mara nyingi halipo, kwa kuwa aliyekichukua hakuuliza. Kwa hiyo kama nyumbani mnacho kiti, kinu au mlango uliochongwa na babu, chukua daftari lako la kisomo. Muulize mzee aliyebaki, kisha andika: kitu gani, nani alikichonga, mti gani, kijiji gani, mwaka gani, na kilitumika kwa kazi gani. Daftari liweke pamoja na kitu chenyewe, mbali na mchwa.