Je, wajua? Glaida ya majaribio na ile yenye cheti hazitunzwi kwa sheria moja

Ndege ya jeti Fouga Magister iliyovisumbua vikosi vya Umoja wa Mataifa Katanga mnamo Septemba 1961 ilitokana na ndege isiyo na injini. Robert Castello na Pierre Mauboussin, walioibuni, walikuwa wabunifu wa ndege za aina hiyo, yaani glaida (planeri, kwa waliosoma Kifaransa). Mwaka 1949 glaida yao moja yenye mkia wa V ilirushwa ikiwa na injini ndogo ya jeti mgongoni, na mkia huo ndio watu wa Lubumbashi walikuja kuuona angani. Neno “majaribio”, basi, halimaanishi kubahatisha. Huko Marekani glaida nyingi nzuri kutoka Ulaya zimesajiliwa kuwa za majaribio kwa sababu tu aina zake hazikuwahi kuidhinishwa nchini humo. Za majaribio na zenye cheti, zote hukaguliwa kila miezi 12. Ila yenye cheti cha kawaida lazima isainiwe na fundi mwenye idhini maalumu ya ukaguzi. Kwa ya majaribio fundi mwenye leseni tu anatosha, na kama imeundwa nyumbani, hata aliyeiunda akipewa kibali.

Wengi huhitimisha kwamba yenye cheti ndiyo salama. Tarehe 12 Juni 2010, nchini Austria, glaida aina ya Blanik L-13, yenye cheti, ilikatika bawa ikiwa hewani. Mhimili mkuu wa bawa ulikuwa umechoka karibu na shina lake, mahali ambapo jicho la mkaguzi halifiki kwa urahisi. Cheti kina faida gani, basi? Kwa kuwa Blanik zote zimeundwa kwa ramani moja, ufa wa moja ni habari ya zote: ndani ya siku chache amri ya mamlaka ya anga ilitoka na wamiliki wakalazimika kutii. Ile iliyoundwa peke yake bandani ikipata ufa, anayejua ni mwenyewe. Mtu wa hapa Kongo atanikumbusha kwamba tangu 2006 Umoja wa Ulaya umeyafungia anga mashirika ya ndege ya Kongo, ingawa ndege zina vyeti. Ni kweli, lakini kilicholalamikiwa ni usimamizi wa mamlaka, yaani mnyororo uleule wa kuambiana na kulazimishana.

Juu ya mto Luapula, mwewe wa Kasenga hupandishwa na joto la Oktoba bila kupiga bawa, na glaida ingepanda vivyo hivyo. Siku ukialikwa kupanda moja, tazama cheti, kisha mwulize mwenye glaida: bawa la mwenzako likipasuka, nani atakuambia?