Picha ya kompyuta ikibadilika yenyewe

Mkiweka picha ya watoto kwenye uso wa kompyuta na kesho yake mnakuta nyingine, bonyezeni kitufe cha kuume cha kipanya mahali patupu. Fungueni « Personnaliser », kisha « Arrière-plan ». Pakiwa pameandikwa « Diaporama », chagueni « Image ».

Lakini kama hata hesabu za akiba ya kikundi hazionekani, huenda Windows imewafungulia « profil temporaire »: yote mnayoweka humo hufutika mkitoka. Nakilini kazi ya leo kwenye flashi, kisha zimeni mashine na kuiwasha tena. Shida ikirudi, mwiteni fundi. Hesabu za zamani mara nyingi bado zimo ndani. Mwambieni azitafute kwanza, asifute mashine.