Sifuri ya 064 ni kiambishi

Mwalimu mmoja wa Kaaga, Meru, aliniuliza hivi majuzi: je, ni sahihi kuandika +254 064 kwenye barua ya shule inayokwenda ng'ambo? La hasha. Mzazi aliye Uingereza akiifuata nambari hiyo jinsi ilivyo, huenda simu isiite kabisa. Aandike +254 64, kisha tarakimu zinazofuata.

Hebu tuichanganue nambari kama tunavyochanganua neno. Katika "anasoma", mzizi ni -som-. Vinavyoutangulia ni viambishi, kila kimoja na kazi yake. Nambari ya simu nayo ina mzizi: tarakimu za mteja mwenyewe. Kabla yake, 64 huonyesha eneo la Meru (Embu ni 68) na 254 huonyesha Kenya. Na sifuri je? Hicho ni kiambishi kinachoiambia mitambo, "natoka nje ya eneo langu, ila nimo humu nchini." Ukishatanguliza 254, kazi yake imekwisha.

Mafundi waliounganisha ofisi kwa ISDN waliyajua haya kwa taabu. Laini ya kawaida ya ISDN ilikuwa na njia mbili za kilobiti 64 kila moja (sadfa tu na Meru), na ya tatu, ya kilobiti 16, ya kubebea ishara. Ruta ya tawi ilipoipigia ruta ya makao makuu, nambari yake ilipita njia hiyo ya tatu ikiwa na lebo: ya kimataifa, ya kitaifa au ya eneo. Aghalabu nambari yenye lebo ya kitaifa hufika bila sifuri, maana lebo imeshasema yote. Sasa fundi ameandika 064 katika orodha ya wanaoruhusiwa. Ruta inaona 64, inalinganisha tarakimu kwa tarakimu, inakataa simu. Laini ni nzima, nywila ni sawa, lakini wapi! Dawa ilikuwa kutazama kwanza nambari inavyofika, ndipo aiandike vivyo hivyo.

Kuna pia hili neno "laini". Mtaani tunasema "nipigie kwa laini ile nyingine" tukimaanisha nambari. Katika ISDN hayo ni mambo mawili: laini moja iliweza kubeba nambari kadhaa, ya simu, ya faksi na ya ruta. Ukimtajia fundi laini tu, bado hajui ruta ipige nambari gani.